Miguu, Ngojeni

Meza tumeiburuta hadi ukutani,
kahawa imemwagika, hakuna aliyejali kuifuta.
Theluji ya Februari imefika kwenye kingo za madirisha
na helikopta imetua nyuma ya zizi. Ng'ombe wanalia.

Mimi ni mikono tu.
Dakika kumi na tisa sasa mimi ni mikono,
nashuka, napanda, nashuka juu ya mbavu za Oddbjørn,
mbili zimeshavunjika, nilizisikia,
kama vijiti vikavu chini ya kiatu.
Na kila ninaposhuka damu inakwenda:
inakwenda kichwani, sawa,
inakwenda moyoni, sawa,
halafu inateremka kijinga hadi magotini, nyayoni,
hadi kwenye vidole kumi
visivyo na safari yoyote usiku huu.

Kidogo nilicho nacho nakigawa kwa wote,
na wote wanakufa njaa.

Ingvild amepiga magoti penye kinena.
Jeli baridi, altrasaundi, na kiooni mvua ya kijivu:
mishipa miwili, yote inatikiswa na mikono yangu,
upi wa kwenda, upi wa kurudi?
"Eskil, usisimame."
Sijasimama.
Sindano. Damu nyeusi, sio huo.
Sindano.
Waya unapita, mwembamba kama uzi wa kuvulia samaki chini ya barafu,
katheta inaufuata, sentimita kwa sentimita,
inaziacha figo, inaliacha ini,
inapanda hadi juu ya kiwambo.

Kisha puto.

Kwenye taa juu ya vichwa vyetu lipo lingine, jekundu,
la Jumamosi, mjukuu alitimiza miaka mitano;
limesinyaa, linazunguka polepole
kwa upepo wa mlango tuliousahau wazi.
Hili la ndani halina rangi.
Halijazwi pumzi ya mtu, linajazwa maji ya chumvi,
mililita nane,
na likishajaa mshipa mkuu umefungwa.

Miguu, ngojeni.
Nyinyi mliokanyaga klachi ya trekta miaka arobaini,
mliopanda naye mlimani kila Pasaka
na kumwaibisha kwenye dansi la harusi yake,
leo hatuwaombi kubeba, tunawaomba mfunge mkanda.
Tumbo, nawe pia.
Deni hili lina dakika zake, nalijua.
Tukichelewa kuwafungulia mtaturudishia sumu,
na haki itakuwa yenu.

Monitani namba iliyokuwa kumi na moja
imekuwa kumi na nane.

Hapo Gunnvor anatoka chumbani na soksi za sufu.
"Miguu yake imekuwa ya baridi," anasema,
kama mtu anayefungua mashtaka.
Nani amwambie kwamba baridi hiyo tumeitia sisi,
kwa makusudi?
Ingvild hainui kichwa. "Mvalishe."
Basi anapiga magoti kule mwisho kabisa wa mumewe,
anavuta ya kushoto, anavuta ya kulia,
anarekebisha visigino.

"Mikono juu, wote!"
Anaiinua yake kama aliyegusa kikaango.
Mshtuko.

Shingoni, chini ya vidole vyangu viwili,
kitu kinabisha hodi.
Siitikii karibu. Niliwahi kuitikia mapema, nikaaibika.
Kinabisha tena.

Kufungua ndiyo kazi kuliko kufunga.
Ingvild anavuta mililita moja, anangoja.
Nyingine; shinikizo linaporomoka,
anairudisha nusu, anamung'unya tusi la kwao kaskazini.
Damu inashuka kwa hatua za mtu anayeingia nyumbani usiku
akiwa ameshika viatu mkononi.

Ndani ya helikopta, juu ya misonobari,
nilizigusa nyayo juu ya sufu.
Ya kulia ilikuwa na joto.
Ya kushoto sikuweza kujua,
vidole vyangu vyenyewe vilikuwa vimekufa ganzi.